Kiu ya Modesta

"Fanueli mume wangu, nipe ufunguo wa stoo lilimo pipa la maji. Ulimi umekauka kama gome la mti."

"Tangu alfajiri umemaliza ndoo nzima, Modesta. Mama asema pepo wa chemchemi hafukuzwi ila kwa kunyimwa maji."

"Nawe, mzee wa kanisa, umeamini?"

Fanueli akalivuta kufuli la stoo kuhakikisha limefungwa. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu mkewe alipoanguka kutoka juu ya mpeasi akajigonga kichwa, na tangu siku hiyo kiu yake haikuwa ya kibinadamu. Akauvaa ufunguo shingoni, akaenda shambani.

Adhuhuri ukungu uliteremka kutoka msitu wa Magamba, ukaimeza migomba. Simu ikatetema. Ni ujumbe wa mama yake, Yudith: "Mkeo hayumo ndani. Nasikia mtu akinywa chemchemini, lakini simwoni."

Fanueli akakimbilia huko, naye akasikia kabla hajaona: mfyonzo mrefu, usio na pumzi. Kisha kimya. Modesta alikuwa amelala ubavu ukingoni, shavu majini, macho wazi yakimtazama kana kwamba hamfahamu.

Hospitalini Lushoto, Daktari Anitha alimsikiliza hadi mwisho.

"Hapana pepo, baba. Chini ya ubongo kuna miisho ya neva inayohifadhi homoni ya kuziagiza figo zizuie maji. Ayoni za kalsiamu, yaani chembe ndogo zenye chaji ya umeme, zikiingia katika miisho ile, ndipo homoni hutoka. Alipoanguka, nyuzi za neva hizo zilijeruhiwa. Agizo halifiki, kalsiamu haiingii, homoni haitoki. Maji humpita kama yapitavyo kapuni."

"Na mimi niliyemfungia pipa?"

"Ungemuua. Siku moja zaidi ingetosha."

Siku ya tano, dawa ya homoni ile ilipokwisha kumtuliza, Modesta alirudi nyumbani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu," Yudith aliitikia, macho chini.

Fanueli akamjazia mkewe kikombe. Modesta akanywa nusu, akakiweka.

"Nisamehe, mke wangu."

"Nimekusamehe. Lakini pale chemchemini sikusikia maji, Fanueli. Nilisikia kufuli likifungwa, tena na tena, ndani ya kichwa changu."

"Basi nikalitupe."

"La. Litundike juu ya kitanda chetu. Kila uambiwapo neno juu yangu, shika kufuli hilo kwanza, ndipo uje uniulize mimi."

Fanueli akapigilia msumari, akalitundika. Nje ukungu ulikuwa umerejea. Wote wawili wakatega masikio upande wa chemchemi, mkono katika mkono, hata waliporidhika kwamba ni maji tu yanayotiririka.