Nusra Binti Shemsa

Kifurushi kilifika Alhamisi jua likianza kuzama, na Nusra akanyanyuka kitandani kwenda kukichukua mlangoni, ingawa daktari alishamkataza kunyanyuka. Hatua kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi. Alizihesabu, mkono mmoja ukutani, mwingine juu ya tumbo la miezi saba. Mimba mbili za kabla ya hii zilitoka, na safari hii daktari alimwambia waziwazi: ukimtaka mtoto, lala. Basi Nusra alilala. Wiki ya sita sasa, katika fleti yao ya chini pale Euless, Texas, akisikiliza ndege zikipita juu ya paa, naye mumewe, Shaame, yuko uwanjani anapakia mizigo ya ndege hizo hizo.

Ndani ya kifurushi mlikuwa na viatu vya sufu, vyekundu, na kikaratasi chenye mwandiko anaoujua: *Vivae leo wakati wa matembezi, tuwe kama tupo huko. Shoga yako, Jannat.*

Nusra alitabasamu. Kisha akavinusa, maana mjamzito hunusa kila kitu, akakunja uso. Vilinuka udongo mbichi, ule wa chini kabisa mtu anapochimba kisima. Alivivaa hivyo hivyo. Zawadi ya shoga haikataliwi kwa harufu.

Na Jannat hakuwa shoga wa barabarani. Walikutana Idi ya kwanza ya Nusra huku Texas, Mzanzibari na Mzanzibari, na kwa miaka kumi na moja wakawa chanda na pete. Jannat alikaa Houston, Gulfton, kwenye yale majumba yaliyojaa watu wa kila nchi, peke yake na binti yake wa miaka sita, Mwanakhamis. Mimba ya kwanza ya Nusra ilipotoka, Jannat aliendesha gari usiku, mwendo wa saa nne, kuja kumkanda. Ya pili ilipotoka, alikuja tena, akampikia uji wa pilipili manga, akamlisha kwa kijiko. Nusra alimwambia mambo ambayo hata Shaame hakuyajua.

Matembezi yenyewe yalikuwa wazo la Jannat. Kuna mtu huko Bukhara, alisema, kazi yake kutembeza wageni katika mji wa kale. Siku hizi anatembea na simu mkononi, na nyinyi mnamfuata mkiwa majumbani kwenu. Bukhara! Kila aliyekaa mkekani chuoni kusoma hadithi za Mtume alilisikia jina hilo kabla hajajua mji wenyewe uko upande gani wa dunia. Kwa mtu aliyetazama dari moja wiki sita, ilikuwa neema.

Saa ya magharibi kwa Euless ni alfajiri kwa Bukhara. Kioo cha tableti kilipowaka, kulikuwa na vichochoro vya matofali na giza linaloanza kufifia. Pembeni, katika kijidirisha, uso wa Jannat. Umekonda.

"Umevaa viatu?" Jannat aliuliza.

"Nimevaa. Vinanuka, mwenzangu."

"Utavizoea."

Watazamaji walikuwa wawili tu, wao. Kiongozi alisema Kiingereza cha taratibu na hakujionyesha uso. Aliwapitisha chini ya makuba ya soko la zamani, akawaonyesha walipouza hariri, walipobadilisha sarafu, walipofunga ngamia. Alikuwa msimuliaji hodari. Nusra alisahau mgongo unaouma. Mara moja simu iliinama, akaviona viatu vya kiongozi.

Vyekundu. Vya sufu.

Alitaka kumwambia Jannat, lakini kiongozi alishaingia kichochoro kingine, chembamba, kisicho na taa. Mwisho wake palikuwa na kisima.

"Misafara ilihesabiwa hapa kabla lango halijafungwa," alisema. "Kila mtu aliitwa kwa jina. Aliyeitika aliingia."

Akaelekeza simu kisimani. Upepo ukagonga simu... kisha upepo wenyewe ukakatika. Aliposema tena, hakusema Kiingereza. Alisema Kiswahili, tena cha Unguja.

"Nusra binti Shemsa."

Nywele zilimsimama. Benki humwita mtu kwa jina la baba. Shule, pasipoti, hospitali, kote ni baba. Jina la mama huulizwa na mganga anapofungua kitabu, kwa sababu baba hutajwa na mama hujulikana. Jina lako na la mama yako: kwa hayo mawili mtu hutibiwa, na kwa hayo hayo mtu humalizwa. Hakuna Mswahili anayeyagawa ovyo, na huku Amerika nzima Nusra aliyagawa kwa mtu mmoja tu.

"Nusra binti Shemsa."

"Itika, shoga yangu," Jannat alinong'ona. "Hebu itika tu."

Nusra alifunga mdomo. Sauti ya magharibi haiitikiwi mpaka umwone anayeita. Hilo nalo alifundishwa. Lakini mara ya tatu sauti haikuwa ya mwanamume. Ilikuwa ya mama mwenyewe, Shemsa, ile ya uani Makunduchi, ya kumwita mtoto aje achukue kibao cha mbuzi, akune nazi.

"Nusra, we!"

"Abee," alisema Nusra.

Lilimtoka lenyewe. Mtoto aliyelelewa vizuri akiitwa na mama yake huitika kwanza, hufikiri baadaye. Jannat alilijua hilo.

Harufu ya udongo mbichi ilijaa chumba kizima. Katika kijidirisha Jannat alikuwa analia, na hakuwa akimtazama Nusra. "Nimekuletea," alimwambia kiongozi. "Ana na mwingine tumboni. Wawili kwa mmoja. Mwachie mwanangu."

Kisha kijidirisha chake kikazimika.

Nusra hakupiga kelele. Kilichomuuma kwanza hakikuwa hofu hata kidogo. Kilikuwa ule uji wa pilipili manga, kijiko kwa kijiko. Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa, na yeye alikuwa amekivaa miguuni. Alivivua viatu, akavitupa hadi mlangoni.

Kiongozi alikuwa ameegemeza simu ukutani, kainama kisimani, kama anayemtafuta mtu ndani yake. Aliinama sana kuliko mgongo unavyoweza. Alipoinuka, sauti yake ilikuwa na mashaka.

"Hayupo. Shemsa hana Nusra."

Akaichukua simu.

"Nani aliyenipa jina hili?"

Kioo kikawa cheusi.

Ilimchukua Nusra usiku mzima kuelewa kilichomwokoa. Shemsa alimlea, alimnyonyesha, na hajawahi kumwita kwa jina lingine ila mama. Lakini aliyemzaa alikuwa dada mkubwa wa Shemsa, Zuwena, na Zuwena alifariki siku ile ile ya kuzaa. Nusra hakumsimulia mtu hadithi hiyo, si kwa siri, ila kwa uchungu, na kwa sababu mama mdogo ni mama, hana haja ya maelezo. Hata Jannat hakuambiwa. Shaame peke yake aliambiwa, usiku wa harusi, kwa sababu mume ni lazima ajue amuombee nani.

Asubuhi alitaka kumweleza Shaame yote. Alimtazama akinywa chai yake wima, funguo mkononi, kachelewa, akaona aibu. Aanzie wapi, kwamba nimelogwa kwa tableti? Alisema tu kwamba yeye na Jannat wamekosana. Shaame akacheka, akasema mtapatana kabla ya wikendi. Angesema. Laiti angesema.

Jioni hiyo, Ijumaa, jua likizama, simu ililia. Jannat.

"Jina la mama yako ni nani?"

Hakuna salamu. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kishindo kidogo, cha nyayo. Kinakwenda, kinarudi.

"Jannat, umeniuza," Nusra alisema. "Mimi. Umeniuza mimi."

"Nilifanya hayo matembezi peke yangu mwezi uliopita. Nilikuwa jikoni alipoita jina langu, Mwanakhamis akaitika yeye. Tangu siku hiyo kila magharibi anatembea, Nusra. Anazunguka sebuleni mpaka nyayo zinatoka damu, anahesabu watu nisiowaona. Nilimshika, akaniburuta. Ana miaka sita akaniburuta! Yule mtu alisema nilete mwingine, atamwachia. Nikakuleta wewe. Sasa amerudi kwangu na hasira, anasema nimempa jina la uongo. Usiku huu atamchukua moja kwa moja. Niambie aliyekuzaa nani."

"Na mimi je? Na huyu wangu?"

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Ndiyo nakuuliza, na mimi je?"

Jannat akasema taratibu, "Wewe hujazaa bado."

Maneno hayo Nusra aliyasikia mpaka mifupani. Miaka kumi na moja, na hilo ndilo lililokuwa chini yake. Alitaka kukata simu, lakini nyayo zikasimama, na sauti ndogo ikaja karibu.

"Auntie Nusra? What's your real mama's name? He says you can just tell me."

Nusra alimbeba mtoto huyu siku ya arobaini yake. Alimnunulia baiskeli ya kwanza. Jina la Zuwena lilimfika kooni, likakaa pale, na alijua kwamba akilisema atamwokoa mtoto mmoja na kumwua mwingine, na asipolisema ni vivyo hivyo. Ndani ya tumbo, wake akajigeuza.

Alizima simu. Akafunika uso kwa mto, akalia kama hajawahi kulia hata kwa zile mimba mbili. Alimlilia Mwanakhamis, alijililia mwenyewe, na, jambo lililomtia hasira zaidi, alimlilia Jannat.

Nje kulikuwa kunaingia giza. Mlango ulifunguka, akaingia Shaame na mkate, na uso wa mtu aliyefanya jambo jema.

"Umezima simu? Mwenzio kanipigia mie kazini, analia, masikini. Anasema mmekosana, anataka muelewane." Alikuwa anavua koti. "Wanakusomea dua usiku huu, kina mama wa Houston wote, ujifungue salama. Kaniuliza jina la mama yako."

Nusra aliinuka akaketi.

"Nikamwambia sio Shemsa, ni Zuwena. Si unajua tena, dua haifiki kwa jina la mlezi." Alitazama chini. "Hivi viatu vya nani mlangoni? Vimejaa vumbi."

Vilikuwa vimejaa vumbi. Jana vilikuwa vipya. Na vilikuwa vimegeuka. Ncha zake zilielekea kitandani.

"Shaame," alinong'ona Nusra. "Vitoe nje. Funga mlango."

Lakini harufu ilikuwa imeshaingia. Ndege ilipita juu ya paa, ikaenda zake, na katika ukimya ulioachwa nyuma yake, sauti ya mwanamke ilitoka upande wa sebuleni. Haikuwa ya Shemsa. Ilikuwa laini, kama ya msichana, sauti ambayo Nusra hakuwahi kuisikia hata siku moja na ambayo maisha yake yote alitamani kuisikia.

"Nusra..."

Alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Ulimi ulikuwa umeshaanza kupanda. Machozi yalimpita katikati ya vidole.

"Nusra, mwanangu..."

Shaame alisimama katikati ya chumba, kichwa kimeinama upande, anasikiliza. Alimgeukia mkewe, ametabasamu, amestaajabu kidogo.

"Mke wangu, si unaitwa? Itika basi."