Hereni Moja Sikioni

Penye wengi hapaharibiki jambo, wanasema. Hapa Naryn, mji wetu wa milimani, penye wengi ndipo jambo linapoozea.

Sebule ya kina Ulan ilifurika wageni. Mama yake, Burulkan, alikwisha kunivisha hereni ya kushoto. Akinivisha na ya kulia, mimi ni mchumba rasmi wa mwanawe. Lakini ya kulia aliishikilia kiganjani.

"Mbona unasita, mama?"

"Kuna neno dogo kwanza, binti yangu."

Neno lenyewe lilikuwa la kaka yake, Mjomba Toktosun, mgeni wa heshima, aliyewekewa kichwa cha kondoo mbele yake. Ndiye aliyezunguka kila mkutano wa wazazi akinguruma kwamba shule isafishwe.

"Cholponai," akasema, "kaka yako Maksat anawafundisha watoto wetu muziki. Na anapenda wanaume. Kweli, si kweli?"

"Kweli. Wanaume watu wazima kama yeye."

"Ni walewale! Leo mwanamume mwenzake, kesho mtoto wako."

Wageni wakaguna. "Tfu! Mungu apishe mbali!" akasema bibi mmoja.

"Tamka hapa kwamba humtambui," mjomba akaendelea, akipangusa mafuta kidevuni, "uvishwe hereni ya pili, tule."

Simu yangu ikatetemeka mara mbili, jumbe mbili. Ulan, aliyeketi ng'ambo ya meza, alikuwa ameandika: *Sema tu, mpenzi. Maneno hayaui. Nakupenda.*

Nikamjibu kwa sauti. "Hayaui, Ulan? Sikiliza alichoniandikia Maksat sasa hivi: *Dada, kuna watu getini wana marungu, wananiita mbakaji wa watoto. Usigombane kwa ajili yangu. Olewa.*"

"Si sisi tuliowatuma," Ulan akasema, macho mezani.

"Lakini mlijua wanakwenda."

Toktosun akakata sikio la kondoo, akaliinua juu. Kwetu sikio hupewa mtoto, ili awasikie wakubwa.

"Aizirek! Njoo kwa babu, mrembo. Kaa hapa." Akapiga paja lake.

Aizirek, mpwa wa Ulan, mwenye mapengo mawili mdomoni, akaanza kwenda.

Nilikuwa na umri wake mzee huyo aliponiita vivyo hivyo, kwenye karamu ya jirani yetu. Nilimpenda Ulan kiasi cha kujiambia kwamba mjomba wake nitamvumilia, sikukuu hadi sikukuu. Kumbe sikufikiria nani atakayeitwa baada yangu.

"Aizirek, usiende!"

"Hee! Hujaolewa bado, ushaanza kutawala nyumba ya watu?" Toktosun akacheka.

"Mimi pia ulinipa sikio, mzee. Kisha ukanipeleka zizini nikaone wanakondoo. Niseme yaliyofuata, mkeo yupo hapa?"

Kisu kikamponyoka.

"Mwongo! Amekufundisha kaka yako, yule shoga!"

"Kaka yangu ndiye aliyevunja komeo akanitoa. Wewe ulikuwa na mke, na heshima zako. Yeye alikuwa kijana mdogo, mkamchapa kwa kuvunja mlango wa watu. Leo yeye ndiye hatari kwa watoto, na wewe ndiye mlinzi wao?"

Burulkan alimvuta Aizirek kwa nguvu, akamficha nyuma ya sketi yake. Hakuuliza swali. Hakushangaa.

Ulan akamkodolea macho. "Mama... ulijua?"

"Ni kaka yangu," akanong'ona. "Ningefanyaje?"

Nikavua hereni, nikaiweka mezani, nikatoka. Ulan akanikimbilia hadi kwenye viatu, mlangoni.

"Cholponai, nakuamini! Wallahi nakuamini."

"Basi vaa viatu. Twende tukasimame na Maksat getini kwake."

Akageuka kutazama sebuleni, kisha akanirudia kwa sauti ya chini.

"Rudi kwanza umwombe radhi mzee, watu watulie. Haya mengine tutayamaliza wenyewe, kimyakimya. Nitakuoa, naapa."

"Aombe radhi!" mjomba akafoka ndani, na wageni wakamwitikia kwa sauti moja. "Aombe radhi!"

"Unawasikia?" Ulan akanishika mkono. "Neno moja tu, mpenzi wangu."

Nikautoa mkono wangu.

"Siombi, Ulan. Si kwake, si kwa mama yako, si kwako. Siombi radhi."