Jicho Lililodondoka Mlangoni

Kila siku aliporudi kutoka shuleni, Chiriku alitupa mkoba kwenye kochi, akasogeza pazia la chumba cha Bibi kwa kidole kimoja, akaingiza kichwa na kusema, "Bibi, nimerudi!" Bibi alikuwa amelala kwa ubavu wa kulia, uso kuelekea mlangoni, vile vile Mama alivyomwacha kabla ya kwenda kazini. Aliinua mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, akasema maneno yale yale ya kila siku. Chiriku hakuyaelewa hata moja. "Ndiyo, Bibi, nakuja," alijibu. Pazia lilirudi mahali pake, naye akawa ameshafika barabarani.

Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyempa jina hilo, enzi zile alipokuwa bado na Kiswahili. "Mke mwenzangu," alikuwa akimtania, "hebu funga mdomo kidogo, meno yapate kivuli." Wote wawili walicheka, na Chiriku akaendelea kusema.

Kisha kiharusi kilimwangusha Bibi uani akianua nguo. Upande wake wa kulia ulilegea, na Kiswahili chote kikamtoka. Kilichobaki ni lugha ya kwao, lugha aliyozaliwa nayo, ambayo nyumba nzima hakuna aliyeijua. Daktari alieleza kwamba hutokea hivyo wakati mwingine: ugonjwa huichukua lugha aliyojifunza mtu ukubwani na kumwachia ile ya utotoni. Bibi alikuja mji huu akiwa bi harusi, watu wakacheka matamshi yake, basi akaifungia lugha yake kifuani na kuwalea watoto wake kwa Kiswahili kitupu. Baba, dereva wa lori la masafa marefu, alipopiga simu na kumsikiliza mama yake mzazi, hakuelewa neno. Alilia huko huko barabarani, akaomba simu arudishiwe Mama.

Mama alifanya kazi katika kampuni moja kubwa ya kufua mashuka ya hoteli, zamu ya mchana hadi jioni. Asubuhi alimhudumia Bibi yeye mwenyewe. Mchana ulikuwa wa Chiriku, na kazi yake haikuwa ngumu: amnyweshe Bibi maji kwa kijiko, amgeuze alalie ubavu wa kushoto na kumwekea mto mgongoni, kisha baadaye amrudishe. Daktari alikuwa amesisitiza sana hilo la kumgeuza.

"Umemgeuza Bibi?" Mama aliuliza kila jioni, akivua viatu.

"Nimemgeuza."

"Umekaa naye?"

"Nimekaa, Mama."

Uongo ule ulimtoka bila kukwama. Mwanzoni alimgeuza kweli. Lakini Bibi alikuwa mzito, chumba kilikuwa na joto, na mazungumzo hayakuwepo. Ni adhabu kubwa kwa mtoto mwenye mdomo kukaa na mtu ambaye majibu yake hayaelewi. Siku moja aliruka zamu, jua likazama salama. Siku ya pili akaruka tena.

Wiki hiyo Mwalimu wa lugha alileta zoezi lililompendeza Chiriku kuliko mpira. Kila mwanafunzi achague jambo moja dogo, azunguke mtaani kuuliza watu wa lugha mbalimbali wanalisemaje, halafu aje kulieleza mbele ya darasa. Wengine walichagua njaa, wengine mvua. Chiriku alichagua kutazama kwa haraka, kule kuangalia kitu mara moja ukapita, kwa sababu Mama alikuwa akimwambia, "Mtupie Bibi jicho nikiwa jikoni." Alijiuliza kama watu wote duniani hutupa macho yao.

Kumbe hapana. Fundi saa, aliyekuwa na lenzi imebanwa kwenye jicho moja, alisema, "Kwetu tunaazima. Unamwazima mtu jicho, halafu unalichukua, maana una kazi nalo kwingine." Muuza vitambaa alisema kwao mtu huiba: "Unamwibia mwenzako sura yake kidogo, hata hajui kama kaibiwa." Dada wa duka la dawa alisema kwao ni kuonja kwa macho. Kinyozi naye aliupiga mkasi hewani na kusema kwamba kwao jicho hupiga kama ngumi. "Ndiyo maana nikimaliza kunyoa na mteja akajitazama kwenye kioo, mimi husogea nyuma," alisema, na waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko.

Chiriku alirudi nyumbani kila jioni muda mfupi kabla ya Mama, kichwa kimejaa. Alisogeza pazia kwa kidole kimoja. Bibi aliinua mkono na kusema maneno yake. "Ndiyo, Bibi."

Siku ya kuamkia zoezi alimfikia mtu wa mwisho, mshona viatu mzee aliyehamia pembeni ya ghala la saruji. Hakuwa na wateja wengi bado, na alifurahi kupata wa kuzungumza naye.

"Shikamoo, fundi. Kwenu mtu akitazama kitu harakaharaka akapita, mnasemaje?"

"Marahaba, mwanangu. Kwetu?" Alichomoa uzi mdomoni. "Kwetu tunasema amedondosha jicho. Kama mtu anayepita na mzigo, kitu kikamponyoka, wala hakugeuka." Kisha akayasema maneno yenyewe kwa lugha ya kwao.

Chiriku alisimama pale pale, mdomo wazi. Aliyajua maneno yale. Alikuwa akiyasikia kila siku mlangoni.

"Fundi, yarudie!"

Akayarudia. Yalikuwa yale yale, isipokuwa Bibi alikuwa na mengine mbele yake. Chiriku alimshika fundi mkono na kumvuta kama mbuzi. "Twende nyumbani, tafadhali. Bibi yangu ni wa kwenu!" Alikuwa na furaha isiyo kifani. Njiani aliwaza darasa litakavyomshangilia kesho kwa kisa kama hiki.

Fundi alipiga hodi, akasogeza pazia lote, akasalimia kwa lugha yao. Bibi alimkazia macho mgeni, kisha akasema. Alisema, akasema, machozi yakimshuka hadi sikioni kwa jinsi alivyolala. Tangu augue hakuwa amejibiwa na mtu kwa lugha yake. Fundi alivuta kigoda, akacheka mara mbili kwa sauti, halafu taratibu akaacha kucheka.

"Anasemaje?" Chiriku aliuliza, akirukaruka. "Yale maneno ya kila siku ni nini?"

"Anakuita mke mwenzake," fundi alisema. "Anasema kila ukifungua pazia hukuambia: 'Mke mwenzangu, umedondosha jicho lako hapo mlangoni tena. Njoo uliokote, ukae nalo hapa.' Ni utani. Anasema ulikuwa unapenda utani wake."

Chiriku aliacha kuruka. Siku zote hizo Bibi alikuwa akimtania kama zamani, naye alimjibu, "Ndiyo, nakuja," akaenda zake.

"Kuna jingine?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Fundi aliitazama mikono yake yenye gundi. "Nyonga yake inaungua. Siku nyingi sasa. Anasema mchana hageuzwi." Alisita. "Na ameniomba nisimwambie mama yako. Anasema wewe ni mtoto, utagombezwa. Mimi ni mkalimani tu, binti. Nimeshakupa yote, na hilo la kumwambia mama yako nakuachia wewe."

Bibi alikuwa akimtazama Chiriku kwa upole. Aliinua mkono wa kushoto. Hakusema kitu safari hii.

Mama aliporudi, vidole vyake vikiwa vimekunjamana kwa sabuni, alimkuta mgeni kibarazani na binti yake amesimama mlangoni. Hakuwahi kumwona Chiriku amenyamaza kiasi kile.

"Kuna nini? Umemgeuza Bibi?"

"Sijamgeuza." Sauti ilikatika. "Sijamgeuza leo, wala jana, wala siku nyingi. Nilikuwa nachungulia tu, Mama. Nilikudanganya. Anaumwa nyonga."

Mama hakumpiga. Aliingia ndani kwa haraka, wakasaidiana kumgeuza Bibi, Mama akaipandisha nguo ya mgonjwa kwa mara ya kwanza. Bibi alikuwa mtu wa haya, hakutaka mkwe wake amwone mwili. Kila asubuhi alijifuta mwenyewe kwa mkono mmoja ndani ya shuka, na Mama kwa heshima aligeukia ukutani kila mara. Pale nyongani kulikuwa na kidonda kipana kama kiganja cha mtoto, katikati kimekuwa cheusi. Harufu ya chumbani, ambayo siku zile walidhani ni ya godoro, ilikuwa ya kidonda.

"Ee Mungu wangu," Mama alisema, akakaa sakafuni.

Walimpeleka hospitali jioni ile ile, fundi akienda nao kuwa ulimi wa Bibi. Muuguzi alisafisha kidonda, akawaonyesha namna ya kukifunga na namna ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Bibi alilazwa; kila alasiri fundi alikuja kukaa kando ya kitanda, na Chiriku alikaa katikati yao akiuliza maswali. Ndipo alipojua kwamba Bibi aliwahi kuwa bingwa wa kuogelea mtoni, na kwamba siku ya harusi yake alilia kwa sababu viatu vilimbana. Kidonda kilianza kuonyesha nyama nyekundu yenye afya.

Halafu kiharusi kikarudi. Asubuhi moja walimkuta macho wazi, mdomo umepinda, hana sauti. Fundi alimsemesha kwa lugha ya kwao kwa muda mrefu. Hapakuwa na jibu. Lugha ya kwao nayo ilikuwa imekwenda.

Chiriku alimfuata muuguzi hadi kwenye kabati la dawa. "Ni mimi niliyemfanya hivi?"

Muuguzi aliweka sinia chini. "Kiharusi hakikuletwa na wewe. Presha yake ilikuwa juu tangu zamani. Kidonda, ndiyo, kilitokana na kutogeuzwa, sitakudanganya. Lakini ulisema kabla hakijafika mfupani, ndiyo maana kinapona."

Chiriku alilia akiwa ameegemea kabati. Alikuwa amepata siku chache tu za kuzungumza na Bibi, baada ya kuzipoteza nyingi bure.

Zoezi lake alilitoa kwa kuchelewa. Darasa lilicheka sana kwa ngumi ya kinyozi, likapiga makofi kwa wale wanaoiba sura. Alipofika kwenye jicho linalodondoka, alieleza maana yake, akataja kwamba ni lugha ya bibi yake, akashindwa kuendelea. Mwalimu alimwambia akae, na hakumwuliza kwa nini.

Bibi alirudishwa nyumbani. Kidonda kilifunga taratibu, ngozi changa ikaota. Mama aliondoa pazia mlangoni, na siku ya mapumziko yake wakakaa wote wawili chumbani, Chiriku akimnywesha Bibi maji, kijiko kwa kijiko.

"Mimi nami nina lawama," Mama alisema. "Nilikuwa nachoka, nikafurahi kusikia 'nimemgeuza', sikutaka kuinua shuka nihakikishe. Lakini nisikilize, mwanangu. Ulipodanganya ulinipa mimi usingizi mzuri, na Bibi ndiye aliyelala juu ya uongo huo. Mgonjwa hauguzwi kutoka mlangoni. Ukimchungulia utajua yupo, basi. Ukitaka kujua anaumwa wapi, lazima ukae, umguse, umsikilize hata usipomwelewa. Na ukishindwa kazi, sema umeshindwa, tutafute njia nyingine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

Mama aliondoka kwenda kuweka maji jikoni. Chiriku alimgeuza Bibi kwa ubavu wa kushoto, akaweka mto mgongoni, akakagua nyonga, akazunguka kitanda ili nyuso zao zitazamane. Fundi alikuwa amemfundisha maneno machache. Alikuwa ameyarudia njiani mara nyingi, hata watu wakamgeukia.

Alimshika Bibi mkono na kuyasema taratibu, kwa lugha ya kwao: "Mke mwenzangu, nimeliokota. Nimekaa nalo hapa."

Alisubiri utani. Haukuja. Chozi moja lilimtoka Bibi, likapita juu ya pua na kuingia kwenye mto wa kichwani. Chiriku alilifuta kwa kiganja. Bibi aliendelea kumtazama bila kupepesa, na mtoto yule aliyeshindwa kufunga mdomo tangu azaliwe alinyamaza, akabaki anamtazama hadi jua likaondoka dirishani.