Ua la Selestine Halioti kwa Mbegu

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Getruda alichota maji kopo moja na kuyamwaga kwenye beseni la mlangoni. Uji ulisubiri. Ndama walisubiri. Mumewe Faustine naye alisubiri maji ya kunawa uso. Kwanza beseni.

Ndani ya beseni kulikuwa na ua fupi, linalotambaa. Majani yake yalikuwa membamba na mafupi. Likichanua, lilifunika udongo wote kwa rangi ya zambarau. Katika kijiji kizima cha Natta hapakuwa na mtu mwingine mwenye ua la namna hiyo.

Lililetwa na mwanawe, Selestine. Alikuwa mtunza bustani katika kambi moja ya watalii, upande wa Ikoma. Kazi ilikuwa nzuri, lakini mshahara ulikuwa mdogo. Siku moja akasema anakwenda Tarime kuchimba dhahabu.

"Mwanangu," Getruda alimwambia, "heri kenda shika kuliko kumi nenda uje."

Selestine alicheka tu. Akaenda. Mwezi wa tatu mvua ilinyesha, na duara likawafukia yeye na wenzake. Duara ni shimo la wachimbaji wadogo. Wanashuka na kamba, na wakati mwingine hawapandi tena. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wengine tunasema pole, tunakwenda zetu.

Walimzika nyuma ya nyumba, penye mteremko. Mvua za masika hazikuwa zimeisha. Udongo wa kaburi ulianza kusombwa, kidogo kidogo, kuelekea bondeni. Mvua iliyomfukia Selestine sasa ilikuwa inamfukua.

Ndipo mwenye duara alipokuja. Alikuja na gari, na mchele, na sukari. Akakaa kwenye kigoda, akakunja mikono.

"Poleni sana, wazazi wangu. Ajali haina kinga. Nataka kuwajengea kaburi zuri, la saruji na vigae. Ila kuna neno dogo tu."

"Neno gani?" aliuliza Faustine.

"Siku ya kumbukumbu ya mwaka, mseme mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwamba kijana alishuka mwenyewe, bila ruhusa. Basi."

Neno dogo! Getruda aliinuka akaingia ndani, asije akasema mabaya. Vijana walionusurika walikwisha kumwambia ukweli. Siku ile maji yalikuwa yameanza kuvuja ndani ya duara. Vijana walikataa kushuka. Mwenye duara akasema, "Asiyetaka kushuka afungashe virago." Wakashuka.

Gari lilipoondoka, Faustine alikuwa bado anautazama mfuko wa sukari.

"Mama Selestine, tufanye nini? Tumwache mtoto aoshwe na mvua?"

"Nitalifunika kaburi mwenyewe."

"Kwa kitu gani? Saruji unayo?"

"Kwa ua lake. Si linatambaa? Litashika udongo."

"Maua!" Faustine alisema kwa uchungu. "Sawa. Nakupa mpaka siku ya kumbukumbu. Ukishindwa, saruji inakuja, na mimi nitasema anachotaka niseme. Nimechoka."

Getruda hakuogopa. Kwa mbegu, nani angemfundisha? Mbegu zake za ulezi zilijulikana hadi vijiji vya jirani. Alichagua mashuke bora, akayaweka juu ya meko, yakapata moshi. Wadudu hawakugusa. Basi akafanya vivyo hivyo kwa ua. Alikusanya mbegu chache zilizopatikana, akazikausha, akazitundika juu ya moshi. Kisha akazipanda kaburini, akamwagilia kwa mkono wake.

Nyingi hazikuota. Chache zilizoota zilimshangaza. Mche mmoja ulirefuka juu kama bamia. Mwingine ulitoa ua moja, jeupe, dogo, ukanyauka. Hakuna hata mmoja uliotambaa. Na kule mlangoni, beseni nalo likaanza kubadilika. Majani yaligeuka manjano, mashina yakawa meusi.

Alikaa karibu na beseni akalia. Faustine alimwona, akapita zake.

Katikati ya kiangazi, Agatha alikuja kuwasalimia. Agatha alifanya kazi na Selestine bustanini, kambini kule, na bado yuko pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umenikuta na msiba wa pili." Akamwonyesha beseni.

Agatha alichuchumaa. Alichokonoa udongo kwa kidole, akaunusa.

"Mama, unamwagilia mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Na mchana, nikimkumbuka."

"Unamkumbuka mara nyingi?"

"Wewe unaonaje?"

Agatha alilipapasa beseni kwa chini. Kisha akauliza tena, "Beseni lina matundu chini?"

"Matundu ya nini? Si maji yatatoka?"

"Yanatakiwa yatoke, mama. Ua hili halipendi kukaa na maji miguuni. Mizizi inataka hewa. Isipopata hewa, inaoza. Halafu umeliweka chini ya paa, kivulini. Linataka jua."

Getruda alitazama mikono yake.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayeliua."

"Hukujua, mama."

"Na yale ya kaburini? Yale nilipanda kwa mbegu. Mbegu zangu hazijawahi kunidanganya."

"Mama, umewahi kupanda mahindi chotara?"

"Nimewahi. Mwaka wa kwanza yalizaa vizuri sana."

"Na ulipochukua mbegu humo humo ukazirudisha shambani?"

"Hee! Mwaka wa pili nilivuna aibu. Mengine marefu, mengine mafupi, mengine magunzi matupu."

"Basi ndivyo ilivyo. Hili linaitwa floksi. Ni floksi chotara, aina mpya. Watu wamechanganya mimea miwili wakapata hili. Mbegu zake, hata ukizipata, hazizai ua kama mama yake. Linaoteshwa kwa vipande vya tawi. Selestine mwenyewe aliliotesha hivyo. Tulipunguza matawi kambini, akaomba kipande kimoja, nikampa."

"Hakuniambia."

"Hukumuuliza, mama. Na yeye alidhani atarudi."

Agatha akatoa kisu kidogo kwenye mfuko. Getruda alimshika mkono.

"Usikate! Hili ndilo lililobaki."

"Upande huu bado ni mzima, uone. Tukiuacha, baada ya siku chache utakuwa na beseni la matope. Tukikata leo, tunaokoa kitu."

Getruda aliuachia mkono wa Agatha. Halafu akachukua kisu yeye mwenyewe. Akakata.

Agatha alimwelekeza. Kata ncha changa yenye urefu wa kidole, isiyo na ua. Toa majani ya chini. Changanya udongo na mchanga mwingi. Tumia chombo chochote, hata dumu la mafuta lililokatwa, mradi kiwe na matundu chini. Chomeka kipande, bonyeza udongo kidogo, mwagilia. Kiweke penye kivuli chepesi mpaka kishike mizizi.

"Nitajuaje kimeshika?"

"Kivute taratibu. Kikikataa kuja, kimeshika. Hapo kizoeze jua kidogo kidogo. Na kabla ya kumwagilia, tia kidole kwenye udongo. Ukiwa na unyevu, acha."

"Hata kama namkumbuka?"

"Hata kama unamkumbuka, mama."

Waligeuka wakamkuta Faustine amesimama nyuma yao. Mkononi alikuwa na msumari, tena mwekundu wa moto, ameushika kwa koleo. Alilivuta dumu la kwanza kati ya madumu matupu aliyokuwa ameyakata.

"Matundu mangapi?" aliuliza.

Getruda alilishikilia dumu lisiteleze. Agatha ndiye aliyejibu.

Vipande vingine vilikufa. Vingi vilishika. Mvua za vuli zilipoanza, Agatha alirudi. Faustine alichimba mfereji mdogo upande wa juu wa kaburi ili maji yapite pembeni. Wakarudishia udongo uliosombwa. Wakapanga mawe kukata mteremko, kisha wakapanda miche katikati ya mawe.

"Neno moja tu," Agatha alisema. "Likae hapa nyumbani, au kwenye vyombo. Msilipande kule porini. Ua la kigeni likiingia mbugani linaweza kula nafasi ya majani ya wanyama. Kambini tunalipanda kwenye vyombo tu."

Miche ilitambaa. Ilifuata mawe, ikaruka mawe, ikashikana. Mvua ilinyesha na udongo haukwenda popote. Mwezi wa tatu ulipofika, kaburi lote lilikuwa zambarau.

Siku ya kumbukumbu, watu walijaa. Mchungaji aliomba, kwaya ikaimba. Mwenye duara naye alifika, na mifuko ya saruji nyuma ya gari. Alikwenda hadi kaburini, akasimama.

"Mmeweka nini hapa?"

"Pamejaa, baba," Getruda alimjibu. "Saruji yako haina pa kukaa."

Yule bwana akacheka kidogo, kicheko cha kujifuta aibu. Akamgeukia Faustine. "Mzee, nadhani ulikuwa na neno la kusema mbele ya mwenyekiti."

"Ninalo," alisema Faustine. Alivua kofia. "Mwanangu hakushuka kwa kupenda. Maji yalikuwa yanavuja, akaambiwa ashuke au afungashe. Vijana waliosikia wamekaa pale. Waulizeni."

Vijana wale walisimama, mmoja mmoja. Wakasema. Mwenyekiti akasikia, na kijiji kizima kikasikia.

Mnataka kuniuliza kama mwenye duara alifungwa? Hakufungwa. Aliondoka na saruji yake, na nasikia ana duara jingine. Lakini hapa Natta hakuna atakayesema tena kwamba Selestine alijiua kwa ujinga wake. Jina la mtoto limebaki safi, na kaburi lake limebaki mahali pake.

Watu walipokuwa wanatawanyika, mama mmoja alibaki. Aliitwa Bernadetha, ametoka kijiji cha Susuni, kule Tarime. Mwanawe Revocatus alifia kwenye duara lile lile.

"Kaburi la mwanangu lina vigae," alisema polepole. "Nilisema alichotaka niseme. Tangu siku hiyo silali, dada."

Getruda hakumlaumu. Angemlaumu vipi? Nyumbani kwake nako walikuwa wamekaribia kusema hivyo hivyo.

"Nipe tawi," Bernadetha alisema. Halafu akajishika kichwa. "Lakini nitalipanda wapi? Pale pote ni saruji."

"Litakaa kwenye chombo. Utaliweka juu ya vigae, penye jua."

Getruda alikata matawi. Faustine aliwasha moto, akapasha msumari, akatoboa dumu. Walichanganya mchanga na udongo, wakachomeka. Bernadetha alilipokea dumu kwa mikono miwili, akalikumbatia kifuani.

"Sasa nisikilize vizuri," Getruda alimwambia. "Tia kidole kwanza. Udongo ukiwa mkavu, mwagilia. Usimwagilie kila unapomkumbuka mwanao. Mimi nilifanya hivyo, nikaliozesha."

Bernadetha alimtazama. "Na nikimkumbuka, nifanye nini?"

"Lia tu, dada," alisema Getruda. "Lia, lakini kopo liache chini."