Kivuli cha Sengi Ng'washi

Siku nzima nimepalilia pamba, mgongo unaniwaka, na nyie mnataka hadithi za majini! Basi anayetafuna bigijii aiteme, nisimsikie.

Luhaga alikuwa na chumba cha kompyuta pale Bariadi, miaka ya soko huria, wanunuzi wa pamba wamefumka kama uyoga na kila mmoja anataka tangazo lake. Akaunda kwenye kompyuta kikaragosi cha bibi anayecheza na kucheka shambani. Mwili ulikuwa wa mviringo, unageuka pande zote, ila rangi alizipaka za katuni: mwanga huku, kivuli kule, na mstari mweusi kuzunguka. Uso aliuiba kwa marehemu sengi Ng'washi, shangazi yake aliyemlea. Kwao marehemu huombwa ruhusa kwanza, unammwagia maji ya unga wa mtama. Luhaga akasema hayo ni ya wazee.

Mchana mmoja akaona kivuli kimehamia upande wa taa. Akakirudisha. Kikahama tena. Chumba kikanuka ugoro, ule wa sengi.

"Baba Flora," mkewe Klementina akanong'ona mlangoni, "nani anatwanga humo?"

"Feni."

"Feni inatwanga mtama?"

Luhaga akachomoa waya wa kompyuta, lakini kioo hakikuzimika, na sengi, aliyepangiwa kucheka tu, akanyamaza, akageuza shingo ambayo Luhaga hakuifundisha kugeuka, na kivuli kikateleza usoni pake, kikavuka kioo, kikashuka mezani, kikatambaa sakafuni hadi kwenye mkeka alikolala Flora mchanga, na kilipomgusa, shavu lake likawa bapa kama karatasi, mstari mweusi ukamzunguka sikio.

"Ng'wanawane, mwanangu wee," sauti ya sengi ikasema, "umenichezesha mbele za watu. Na mimi nimchezeshe nani?"

Klementina alimkimbilia Mayala, mfumu, yaani mganga wa mtaani, akaja naye. Mayala akamwaga maji ya unga, akainama, akasikiliza.

"Umechelewa. Sengi hataki hata ng'ombe wa tambiko," akamwambia Luhaga taratibu. "Anataka uso wa mtoto, au macho yako."

"Amwache mwanangu!" Luhaga akapiga kelele. "Achukue macho."

Kivuli kikarudi nyuma. Flora akalia, shavu likajaa.

Luhaga hakupofuka; angepofuka, angalau angepewa fimbo. Anaona mwanga na giza tu, katikati hamna kitu, na kila mtu kachorewa mstari. Kompyuta aliuza. Flora sasa ni binti mkubwa, na akiongea na baba yake, mzee hugeukia jikoni akauliza kwa sauti ya chini:

"Mama Flora, huyu anacheka au analia?"