Nyuzi Nyekundu Katika Supu ya Kome

Spès ni mpishi katika mkahawa mmoja wa Kiyovu, jijini Kigali. Wageni wa pale hupenda kome, wale wa baharini wenye gamba jeusi. Wageni hula nyama, na maji ya kupikia hubaki. Spès alikulia Burundi wakati wa shida, hajui kumwaga chakula. Kila Ijumaa hutia maji hayo katika sufuria ndogo na kumpelekea binti yake Umutoni, wa miaka miwili, nyumbani Gikondo.

Ijumaa moja, akinywa supu hiyo, Umutoni alikohoa, akatoa kitu ulimini. Baba yake, Eustache, akakishika.

"Spès, hii iko nini?"

"Ngozi ya nyanya."

"Nyanya gani iko na uzi?" Aliuvuta. Haukukatika. "Plastiki! Huyo anayewauzia kome anatulisha plastiki. Kesho namtafuta."

Alikuwa amekasirika kwelikweli, akaenda kumwita jirani yao Trinah awe shahidi. Trinah hupima vyakula katika kiwanda kimoja cha Masoro. Alikuja na lenzi yake ya kukuzia.

"Tulia kwanza, baba Umutoni," alisema. "Leteni kitambaa cheupe."

Walichuja supu. Kitambaani zilibaki nyuzi nyekundu kumi na saba. Kando ya nyuzi hizo, kwa lenzi, zilionekana chembe za buluu, ndogo kuliko punje ya chumvi.

"Hizi za buluu huenda zimetoka baharini," Trinah alieleza. "Plastiki ikitupwa haiozi. Inavunjika, inakuwa chembe ndogo ndogo. Kome anachuja maji ya bahari siku nzima akitafuta chakula, hizo zinabaki tumboni. Na sisi tunamla na tumbo lake."

"Lakini mimi nachemsha sana."

"Moto unaua vijidudu, mama Umutoni. Plastiki haina uhai, utaiua vipi?"

"Na hizi nyekundu?"

"Hizi ni ndefu, tena mpya. Magamba unayasugua na nini?"

Spès aliingia jikoni, akarudi na neti nyekundu ya vitunguu iliyokunjwa. "Na kama hii. Tena nikimaliza kusugua, natia kome sufuriani moja kwa moja, bila kusuuza."

Hakuna aliyehitaji lenzi tena. Tusimcheke Spès, wengi wetu tuna neti kama hiyo karibu na sinki. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Mimi mwenyewe," Spès alisema. "Nimemlisha kwa mkono wangu. Itamfanya nini?"

"Sitakudanganya. Wataalamu bado wanachunguza. Lakini hatungoji jibu ndiyo tuache. Sugua na brashi ya katani. Suuza mara tatu kwa maji safi. Na maji ya kupikia, mwaga."

"Na kazini?" Eustache aliuliza. "Ukisema, bosi atakufukuza."

"Anaweza," Spès alijibu. "Lakini wale wageni nao wana watoto."

Jumatatu alimkuta bosi wake, Rodney, mezani na sahani ya kome. Akamweleza yote. Rodney aliweka uma chini.

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kazi. Miaka mitatu."

Rodney alisukuma sahani mbali. Spès alingoja kuambiwa akusanye vitu vyake. Badala yake bosi aliingia jikoni, akavuta droo, akatoa neti nne, akazitupa. Alasiri hiyo alirudi na brashi za katani, akasimama pale mpaka kome wote wakasuguliwa na kusuuzwa mara tatu.

Ijumaa Spès alileta maji ya kupikia nyumbani, yapimwe tu. Trinah akachuja. Hapakuwa na uzi hata mmoja mwekundu. Lakini chembe tatu za buluu zilikuwapo.

"Hizo, brashi haiwezi kuzitoa," Trinah alisema. "Ziko ndani ya kome mwenyewe."

Spès alibeba sufuria hadi nje. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alimwaga chakula. Kisha akampakulia Umutoni supu ya maharage, na mtoto akala mabakuli mawili.