Folda ya Nyakuoth

Kila siku baada ya masomo Akaale aliteka maji, akayamimina kwenye pipa la nyanya yake, akapangusa vumbi miguuni, kisha akaenda kwenye chumba cha kompyuta cha Mwalimu Barnabé hapo Kakuma. Hakuwa na pengine pa kwenda. Mama yake alikuwa Lodwar, mtaa wa Kanamkemer, akipika mkahawani. Alimleta Akaale akae na nyanya mpaka mambo yatengemae, na mambo yenyewe yalitengemaa polepole mno.

Muhula uliopita alikuwa na Nyakuoth, mtoto wa kambi ya wakimbizi aliyetoka Sudan Kusini. Walikaa benchi moja na kugawana njugu. Kisha Nyakuoth akapata wenzake wanaozungumza Kinuer kama yeye. Hawakugombana. Siku moja tu Akaale alifika akakuta benchi limejaa, akaenda kukaa kando ya dirisha, wala hakuna aliyemwita.

"Msichana wa Lodwar!" Prince, mwanafunzi mwenzao, alimtania. "Wewe na hiyo mashine, harusi ni lini?"

"Siku utakayooga," Akaale alimjibu.

Wote wakacheka. Kisha wakamgeuzia mgongo, wakaendelea na yao.

Pembeni mwa chumba kulikuwa na seva, kompyuta kubwa iliyohifadhi kazi za wanafunzi wote. Kila Ijumaa jioni seva hiyo ilituma nakala ya akiba Lodwar kwa mtandao, ili hapa pakiharibika, kazi ziwe salama kule. Lakini tangu likizo nakala hazikufika. Mtandao ulikuwa dhaifu, na seva ilikuwa imejazwa filamu, nyimbo na mabaki, yaani faili ambazo mashine hujitengenezea yenyewe na kuziacha.

"Akaale, wewe una subira," mwalimu alisema kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Bon. Pitia folda zote. Ile haitakikani, iandike kwenye orodha hii, seva itairuka ikituma nakala. Haifutwi, inaachwa tu nyuma. Lakini folda ya mtu, uliza kwanza mwenyewe. Umesikia, mama?"

"Nimesikia, mwalimu."

Akaale alifanya kazi kwa makini. Filamu za Prince aliziulizia. "Ah, ruka tu!" Prince akasema. Mabaki ya mashine akayaandika. Kisha akafika kwenye folda iliyoitwa Nyaku. Ilikuwa nzito ajabu, na faili zake zilikuwa na majina ya tarakimu tupu, kama yale mabaki.

Akatazama dirishani. Nyakuoth alikuwa bombani na wenzake, akicheka huku amejishika mbavu. Ili kumuuliza, ilimbidi Akaale auvuke uwanja wote ule, wamwone akija, kicheko kizimike. Akainuka. Akakaa. Akaiandika folda ile kwamba irukwe.

Ijumaa hiyo nakala ilifika Lodwar. Mwalimu alimsifu mbele ya watu.

Wiki iliyofuata upepo ulileta vumbi la kuziba macho. Umeme wa jua ukawa unakatika na kurudi, na diski ya seva ikaungua. Mwalimu Barnabé aliweka diski mpya, akavuta kila kitu kutoka Lodwar. Watoto walishangilia kuona kazi zao zimerudi, wote isipokuwa mmoja.

"Mwalimu, yangu haiko," Nyakuoth alisema.

"Ulikuwa na nini ndani?"

"Baba. Sauti yake, zile alikuwa anatuma kutoka Malakal. Sasa simu yake haishiki. Yetu tuliuza, nikaziweka hapa."

Mwalimu akakuna kichwa. "Pole, mtoto yangu. Labda ulizifuta mwenyewe bila kujua."

"Sikufuta!" Nyakuoth akalia.

Hakuna aliyemtazama Akaale pale dirishani. Hakuna aliyemtazama siku zote. Angenyamaza, jambo lingepita.

Simu ya mwalimu ikalia. Alikuwa Ereng, mtunzaji wa nakala kule Lodwar. "Ejok, Ereng," mwalimu alimsalimu kwa Kiturkana. "Ndiyo, hii mpya imekamilika. Za zamani futa tu, upate nafasi."

Akaale aliruka kutoka kitini. "Mwalimu, asifute! Mpya haijakamilika. Folda ya Nyakuoth niliiruka mimi. Sikumuuliza."

Mwalimu alimkazia macho, kisha akaishika simu kwa mikono miwili. "Ereng! Ngoja! Usiguse!"

"Nimeshaanza, mwalimu," sauti ikasema. "Unataka ipi?"

"Ile ya kabla ya likizo!"

Vidole vya Ereng vikasikika vikibofya. "Hiyo bado ipo," Ereng akasema.

Faili zilikuja moja moja, kama mbuzi wanaovuka mto mkavu. Wengine walienda nyumbani. Wasichana wawili wakabaki mbele ya kioo cha kompyuta.

"Mbona hukuniuliza?" Nyakuoth alisema.

"Ningekuulizaje? Hatuongei."

"Wewe ndiye ulihama benchi."

"Lilikuwa limejaa."

"Si ungesema tusogee?"

"Nisamehe," Akaale alisema. Faili ya kwanza ikafunguka, mwanamume akakohoa kidogo, kisha akasema, "Nyakuoth." Yaliyofuata yalikuwa ya Kinuer, na Akaale hakuyaelewa hata neno. Nyakuoth aliinamia meza akisikiliza, na hakumfukuza.

Nyumbani Akaale alimsimulia nyanya yake yote. Nyanya alimaliza kwanza kuchochea moto.

"Sisi tukihama na mifugo, punda hawezi kubeba kila kitu," alisema. "Vibanda tuliacha, mawe ya kusagia tuliacha. Lakini kila mwanamke alifunga mzigo wake mwenyewe. Ukiona wa mwenzako umelala chini, unamwita: huu twende nao? Hata kama jana mlinuniana, unamwita. Mzigo haujui kujitetea, mwenyewe ndiye anaujua." Akamsogezea bakuli. "Leo ulisema kweli wakati bado kuna cha kuokota. Ungengoja kesho, ungebaki na pole tu. Kula."

Ijumaa Akaale aliuvuka uwanja. Kicheko kilizimika, kama alivyoogopa.

"Nyakuoth," alisema, "kuna folda mpya yenye jina lako. Twende nayo?"

Nyakuoth alimtazama kidogo. "Twende nayo," akasema, akasogea pembeni ya bomba ili Akaale apate pa kusimama.